Mwanamke Niliyemuuza kwa Jogoo

Wiki iliyopita niligombana na tochi. Msicheke. Simu yangu ya vitufe ilikuwa imechoka, kwa hiyo mjukuu wangu Upendo, anayeuza simu pale Singida Mjini jirani na stendi, akanipa hii ya kupapasa kioo. Nikamwambia aniwekee tochi yenye mwanga mkali ya kukagulia banda la kuku. Akaitafuta, akaipakua, na kabla haijawaka ikauliza: unairuhusu tochi hii kujua mahali ulipo? Upendo kidole mbio, anataka kubonyeza Ruhusu. Nikamdaka mkono.

"Hebu ngoja. Tochi inataka kujua niko wapi ili iweje?"

"Babu, zote zinauliza hivyo. Bonyeza tu, la sivyo haiwaki."

"Basi isiwake. Kibatari changu hakijawahi kuniuliza natoka wapi."

Alicheka mpaka wateja wakageuka kututazama. Ala! Mtu niliyepanda minara ya simu robo karne nachekwa kwa ajili ya tochi. Nikanuna, nikakaa kwenye kibenchi chake, nikagoma hata soda. Alipoona nimenuna kweli akaja akachuchumaa mbele yangu. "Babu, hii hasira yako si ya tochi. Iandike basi, tusome sisi tunaouza hizi simu."

Haya, naandika. Naandika kwa ajili yako Upendo, na wenzako mnaokaa nyuma ya vioo mkisajili laini, na nyie mnaopanda minara sasa hivi mkiwa na mikanda mizuri tusiyowahi kuiota. Nitaruka huku na huku, mnivumilie. Sijawahi kuwa mtu wa kupanga mambo, na aliyenizoea kazini atawaambieni.

Mimi ni Elia, Mnyiramba wa Kinyangiri. Niliingia kwenye kazi ya minara nikitokea kwenye ufundi wa jenereta, kwa sababu miaka ile mnara bila jenereta ulikuwa chuma tu cha kutulia ndege. Mkuu wa kituo chetu cha Singida alikuwa Bi Hadija, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa pale mjini, mfupi wa kimo, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya Ziwa Singidani akaitika. Siku yangu ya kwanza kupanda, nilifika nusu ya mnara, upepo wetu wa Singida mnaujua wenyewe, miguu ikagoma. Nikakikumbatia kile chuma. Bi Hadija yuko chini, mkono kiunoni.

"Elia! Unakiposa hicho chuma au unapanda?"

"Napumzika, Bi Hadija!"

"Pumzika ukiwa unapanda!"

Nikapanda. Nilimwogopa yeye kuliko upepo. Ndiye aliyenifundisha kazi yote: usipande huku unaongea, usitazame chini wala usitazame mawingu, tazama mkono wako tu. Funguo za chumba cha betri zikae shingoni, mfukoni zitadondoka. Na ukikuta nyuki kwenye mnara usiwe shujaa, shuka. Hilo la nyuki nililipata kwa uchungu huko huko kwetu Kinyangiri. Nyuki walijenga kwenye boksi nyuma ya antena, wakaniuma, na nilipokuja tena na moshi wa kuwafukuza, wazee wa kijiji wakanizuia. Walikuwa wanasubiri asali ikomae! Kijiji kizima kikakaa wiki mbili bila mtandao kwa hiari yake, wanapokezana kuuchungulia mnara kama wanaangalia chungu jikoni. Walipokuja kurina nikapewa chombo kizima. Taarifa niliyoandika ofisini ilisema: hitilafu ya kiufundi.

Sasa kuna jambo moja la ufundi lazima mlielewe, maana bila hilo hamtaelewa nilichokosea. Simu ikiwa imewashwa, hata kama hupigi wala hupigiwi, inausalimia mnara. Ukitembea ikakutana na mnara mwingine, inausalimia na huo. Simu ina adabu kuliko watoto wa siku hizi, haipiti kwa mkubwa bila kuamkia. Na mnara unakumbuka nani kaamkia na saa ngapi. Lazima ukumbuke, vinginevyo mtu akikupigia utapatikanaje? Hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale mtu mwingine anapokuja kumwuliza mnara, "Fulani amepita hapa?"

Sisi mafundi tulikuwa na njia ya kuuliza. Mteja akilalamika kwamba simu yake haishiki, unawapigia wenzetu wa chumba cha mitambo, unawatajia namba, wanakujibu: imeonekana mara ya mwisho mnara fulani, upande fulani. Hawakuulizi sababu. Unasema tu "malalamiko ya mteja," wanakusomea.

Mara ya kwanza niliitumia njia hiyo kwa jambo lisilo la mteja, na sijutii. Mzee mmoja mrina asali alipotelea msitu wa Mgori. Siku ya pili wanawe wakaja ofisini wamekauka midomo. Simu yake inaita, hapokei. Nikapiga chumba cha mitambo, nikaambiwa: mnara wa Mgori, upande unaotazama mashariki. Vijana walikuwa wanamtafuta magharibi. Wakageuka, wakamkuta ameteguka mguu, amekaa chini ya mti wake wenye mizinga, analalamika kwamba wamechelewa. Wee! Sifa zilizovuma baada ya hapo! Nikipita sokoni nasikia, "Huyo ndiye fundi anayejua mtu alipo." Nikaanza kutembea kifua mbele. Mke wangu akaniambia ukiendelea hivyo mashati yote yatakatika vifungo.

Ndipo akaja yule bwana.

Alikuja ofisini adhuhuri, Bi Hadija ameenda kuswali. Simtaji jina, ana wazee wake na hawana kosa. Alinisalimia kwa Kinyiramba, salamu ndefu za nyumbani: habari za mvua, habari za mifugo, habari za mama yako mzazi, ambaye alimtaja kwa jina. Mkononi ana jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba ya katani, jogoo wa maana kabisa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nyie mliokulia mjini hamjui, wacha niseme. Kwetu mtu akikuletea jogoo hukatai. Ukikataa umemwambia hadharani kwamba huli cha kwake, na maneno hayo yatafika kijijini kabla yako. Na mtu akikugusia habari za nyumbani kwake, humchimbi. Unasikiliza kile alichokupa, basi. Mimi nililelewa hivyo, nikalelewa vizuri. Adabu hizo mbili ndizo zilizoniponza.

"Fundi," akasema, "mama yake mtoto ametoka nyumbani, hii ni wiki ya tatu. Mtoto bado ananyonya. Silali. Nasikia wewe ulimtoa yule mzee msituni."

Macho yake yakalengwa na machozi. Sikuwa na moyo wa jiwe. Nikaona mrina asali wa pili huyo, mtu wa kuokolewa. Nikamwomba namba ya mkewe, nikapiga chumba cha mitambo, malalamiko ya mteja. Wakanisomea. Nikamgeukia nikiwa natabasamu, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Tulia bwana. Yuko Mgori."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaondoka anakimbilia stendi.

Bi Hadija aliporudi jogoo akawika chini ya meza yangu. Mama wa watu akaruka.

"Subhanallah! Huyu nani?"

"Zawadi." Nikamsimulia. Nilisimulia vizuri tu, kwa raha zangu, mpaka nikaona hacheki. Akavuta kiti akakaa. Bi Hadija hakuwa mtu wa kukaa mchana.

"Simu ya huyo mwanamke imewashwa?"

"Imewashwa, ndiyo maana nimempata."

"Namba ya mumewe anayo?"

"Mke akose namba ya mumewe?"

"Basi hajapotea, Elia. Mtu mwenye simu inayowaka, na namba ya mumewe anayo, na wiki tatu hajampigia, huyo hakupotea. Amejificha." Akamtazama jogoo. "Na wewe umemuuza. Kwa huyu hapa."

Nilitaka kubisha. Lakini nilianza kuyaona yote niliyokatazwa na adabu kuyauliza: kwa nini aondoke na mtoto anyonyaye, kwa nini asiende kwa wazazi wake, kwa nini huyu bwana aje saa ambayo mkuu wa ofisi hayupo.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo fundi yeyote wa bara angelijua na mimi sikulifikiria. Dar es Salaam ukimwambia mtu mnara fulani, hujamwambia kitu, chini ya mnara mmoja kuna watu kama mchanga. Mgori kulikuwa na mnara mmoja. Kusema mnara ni kusema kijiji, na kijijini mwanamke mgeni mwenye mtoto mchanga, aliyepanga chumba, anajulikana na kila mtu mpaka kuku. Mtu anashuka kwenye basi, anauliza duka la kwanza, kwisha.

Tukampigia yule dada. Namba ya ofisi, hakuijua, hakupokea. Tukapiga tena. Mara ya tatu akazima simu. Alikuwa na haki ya kuzima.

"Washa gari," akasema Bi Hadija.

"Na jogoo?"

"Mbebe. Sitaki kumwona humu."

Basi tukatoka, mimi usukani, Bi Hadija pembeni na ushungi wake, jogoo nyuma ya pikapu akituchamba njia nzima. Basi la Mgori lilikuwa limetangulia zamani. Ile barabara ya vumbi niliijua kila shimo, siku ile nilipiga yote. Bi Hadija hakunifokea hata mara moja. Ningefurahi angefoka. Alisema tu, tukiwa karibu kufika, "Nami nina kosa. Niliona unavyosifiwa kwa yule mzee wa asali nikafurahi. Sikukuambia mpaka ni wapi."

Mgori tukasimama kwenye duka la kwanza. Mwenye duka, mama mnene aliyejifunga kanga mbili, anapima mafuta ya alizeti. Tukamwamkia. Nikauliza kwa upole: tunamtafuta dada mmoja mgeni, ana mtoto mchanga.

"Hapa hakuna," akasema. Hata hakuinua macho kwenye chupa.

"Mama, ni muhimu sana."

"Ninyi ni wa pili leo. Na yule nimemwambia hivyo hivyo, labda yule aliyepanda lori la vitunguu juzi kwenda mbele huko. Kakodi bodaboda kalifuata. Na ninyi mkitaka, njia ile pale."

Nikashusha pumzi, na papo hapo nikajua anatudanganya pia. Bi Hadija naye akajua. Akasogea mpaka kwenye kaunta, akashika mbao kwa mikono miwili. "Mama, sisi ndio tuliomwambia kwamba yuko hapa. Huyu fundi wangu ndiye aliyesema. Tumekuja kukiri, na kumwondoa kabla yule hajarudi."

Yule mama akafunga chupa. Akanitazama kwa muda mrefu, mimi nikatazama viatu vyangu. Kisha akaita kuelekea ua wa nyuma, "Rehema, toka mwanangu."

Alikuwa nyuma ya ukuta ule muda wote. Alitoka mtoto mgongoni, utepe wa kupimia nguo shingoni, uzi mweusi mdomoni. Binti mdogo tu, umri wa mama yako, Upendo, wakati ule. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri pale kwenye kiwiko. Sikuuliza. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

"Nani alimwambia?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe unanifahamu?"

"Sikufahamu, dada."

"Umewahi kuniona?"

"Ndiyo kwanza leo."

"Sasa ulijuaje?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie, kwamba simu inasalimia mnara. Akaifungua kwenye pindo la kanga, akaishika kama kitu kilichookotwa.

"Mimi nampigia mama tu. Jumapili, baada ya ibada. Dakika moja."

"Inasalimia hata usipopiga."

"Hata nikinyamaza kabisa?"

"Hata ukinyamaza."

Jamani. Nimeanguka kwenye ngazi, nimeumwa na nyuki, nimezika wazazi wangu wote wawili. Lakini uso wa yule binti alipolisikia jambo hilo, ndio unaonijia mpaka leo nikiwa nimekaa peke yangu. Alikuwa amejificha kwa akili zote alizonazo. Aliwaza ndugu, aliwaza makondakta, aliwaza watu wa minadani. Hakuna ambaye angemfundisha kuiwazia simu.

Na oneni hili. Kijiji kizima kilijua Rehema ni nani, anakaa wapi, amekimbia nini. Wateja wake walijua, mchungaji alijua, watoto waliotumwa kuchukua sare za shule walijua. Yule bwana aliuliza watu watano kabla hatujafika, na wote watano wakamwelekeza kusikokuwako. Walijua kila kitu wakanyamaza. Mimi sikujua lolote nikasema. Nikipata hasira na tochi, ni kwa sababu hiyo.

Tulipakia kilichopakilika. Kichwa cha cherehani, sufuria, nguo za mtoto. Sare tatu za shule zilikuwa hazina mikono bado, na Rehema alitaka kuzimaliza kwanza, eti ameshawaahidi wenyewe. Mwenye duka akamsukuma garini kwa nguvu huku machozi yakimtiririka. Mimi nikamshusha jogoo nikampa yule mama. Hakuniuliza ni wa nini. Jogoo akatembea dukani kama mwenye nyumba.

Njiani nilimfundisha nilichoweza. Nilimwambia kubadilisha laini tu hakutoshi, kwa sababu simu yenyewe ina namba yake iliyozaliwa nayo, na ukiiwekea laini mpya bado wanaojua kutazama wataijua. Simu alikuwa ameshaizima; akatoa betri, akanipa vyote. Nikamwandikia namba yangu kwenye kipande cha boksi la betri, nikamwambia siku ukikwama, piga, popote pale nitakuja. Akakipokea. Hakusema asante, na sikuistahili.

Stendi ya mjini Bi Hadija akashuka naye. Nami nikawa nafungua mlango, nibebe cherehani. Akanizuia kwa kiganja.

"Wewe baki. Na uso wako utazame huko ukutani."

"Bi Hadija, mimi tena..."

"Elia. Usichokijua hutakisema."

Nikatazama ukuta. Ulikuwa na tangazo la mkutano wa injili, nililisoma labda mara arobaini. Bi Hadija akarudi peke yake, akapanda, akasema twende. Hakuniambia basi gani mpaka alipostaafu, na mpaka Mungu alipomchukua hakuniambia. Namlilia mpaka leo mama yule. Siku iliyofuata aliniandikisha barua ya kukiri kwenda kwa wakubwa, akasaini chini yake kwamba na yeye amekosa. Nilipewa onyo kali. Yeye akapewa la kwake, na nilimwona ameliweka kwenye droo pamoja na picha za watoto wake.

Yule bwana alirudi siku ya nne, amejaa vumbi la barabara. "Fundi, mashine yako mbovu."

"Mbovu kweli," nikamwambia. "Mbovu sana."

"Jaribu tena."

"Sijaribu. Wala leo, wala mwakani."

Akanitazama, na safari hii hakukuwa na machozi. Nikaona kile ambacho Rehema alikuwa anakiona kila siku. Nilirudi nyuma hatua moja, nasema ukweli, na nilikuwa mtu wa kupanda minara. Bi Hadija akaja akasimama pembeni yangu, kimo chake kikiishia kwapani kwangu, akamwambia kama ana mtu amepotea kituo cha polisi kiko mtaa wa pili, aende akatoe maelezo yake yote, tena tutamsindikiza. Akasita. Kisha akasema, "Basi nirudishieni jogoo wangu." Nikaenda sokoni nikamnunulia jogoo mkubwa kuliko wake. Alimchukua!

Tangu siku ile kituo chetu kilikuwa na utaratibu wa Bi Hadija, hata kabla wakubwa hawajaleta wa kwao: anayetafutwa ndiye anayeulizwa kwanza. Mama anatafuta mtoto, kaka anatafuta dada, tunasema sawa, kaa hapo. Tunampigia anayetafutwa: kuna mtu hapa anakutafuta, tumwambie nini? Wengi walisema mwambieni nakuja. Wengine walisema mwambieni sijambo, basi. Tukawaambia hivyo hivyo. Jambo la uhai na kifo lilikwenda kwa karatasi ya polisi. Watu walinuna. Wengine walisema Elia siku hizi ana maringo. Nikaacha waseme.

Siku hizi, wanangu, hahitajiki hata Elia. Mnabonyeza Ruhusu kwa tochi, kwa mchezo wa kulinganisha matunda, kwa kitu cha kuwapaka rangi usoni, na kila kimoja kinaandika mlikolala na mlikoshinda. Kisha kinawauzia watu ambao kazi yao ni kununua nyendo za watu kwa mafungu, kama vitunguu. Upendo aliniambia, "Babu, lakini majina wanayaondoa." Nikamwuliza: simu inayolala kila siku nyumba ya nesi Kinyangiri na kushinda kila siku zahanati ya Kinyangiri, unahitaji jina? Kinyangiri ina manesi wangapi? "Mmoja," akasema. Mjukuu wangu huyu ana akili, ni kidole tu ndicho chenye haraka.

Sisemi mtupe simu. Mzee wa asali angefia msituni. Ramani ya kumfikisha mgonjwa hospitali, ipeni ruhusa, tena mchague ile ya "wakati ninatumia tu," kisha mrudi mkague nani mliyemwachia mlango wazi. Tochi inyimeni. Mteja wako akiwa mama wa kijijini asiyesoma maandishi yale madogo, Upendo, usimbonyezee wewe. Msomee. Mwambie kwa Kiswahili cha kueleweka, hiki kinataka kujua ulipo, unakubali? Halafu ngoja jibu lake. Foleni itanuna. Iache inune.

Nimalizie, maana Upendo amesema mkisoma kwenye simu mnachoka haraka.

Mwaka niliostaafu, ofisi ilinifanyia kuagana kidogo, soda na keki. Kesho yake asubuhi, nimekaa barazani sina pa kwenda, simu ikaita namba nisiyoijua.

"Shikamoo fundi. Ni Rehema. Wa Mgori."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Umekwama?"

"Hapana. Sijakwama." Akacheka, na nikagundua sikuwahi kumsikia akicheka. "Kile kipande cha boksi nilikitunza. Nilitaka tu ujue. Mtoto yuko kidato cha pili, wa kwanza darasani kwa hesabu. Nina vyerehani vinne sasa, na wasichana watatu nawafundisha. Mama naye yuko na mimi. Yaani tumejenga fundi, tumejenga hapa..."

"Ishia hapo!" nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni. "Usiniambie ni wapi!"

Mara nyuma yake nikasikia kitu kinaanza kulia, sijui honi, sijui kengele, na masikio yangu haya yaliyofanya kazi kila kona ya mkoa huu yangekitambua kwa sekunde mbili, nikajua yuko wapi. Nikaanza kuimba. Haki ya Mungu, niliimba pambio la kanisani kwa sauti yangu yote, mbaya kama mnavyoijua, na upande wa pili Rehema akacheka, akalia, akacheka tena, nami nikaendelea kuimba mpaka kile kitu kilipokwisha kupita.